Bendera aliyoificha Billy Fiske

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, samahani. Barua yako imekaa mezani miezi minne bila majibu, na sitasingizia shughuli: kuna sentensi moja ndani yake iliyonikera, ile uliyoandika kwamba Billy Fiske, yule rubani Mmarekani, alikuwa tajiri tu aliyekwenda vitani kutafuta mchezo mwingine. Juzi niliteremka katika chumba cha chini cha kanisa la St Paul's, London, nikasimama mbele ya kibao cha kumbukumbu yake, na sentensi yako ikanirudia neno kwa neno.

Nakiri kwamba hukutoa maneno hewani. Alikuwa na umri wa miaka 16 alipoiongoza timu ya Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mbio za gari la kuteleza barafuni huko St. Moritz mwaka 1928, akaipata tena Lake Placid mwaka 1932. Na kikosi namba 601 cha jeshi la anga la Uingereza alichopangiwa kilijulikana kwa utani kuwa kikosi cha mamilionea. Mjomba wako, ambaye hajawahi kumsamehe tajiri yeyote, angefurahi niishie hapo.

Lakini zitazame tarehe. Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia Desemba 1941, ilhali Fiske alijiunga na jeshi la anga la Uingereza mwaka 1939 kwa kujifanya Mkanada, kwa kuwa Mmarekani aliyepigana chini ya dola nyingine alihatarisha uraia wake. Mtu aliyebeba bendera ya nchi yake mbele ya wanamichezo wenzake mwaka 1932 aliificha bendera hiyohiyo ili apate nafasi ya kupigana. Je, mtafuta sifa hufanya hivyo?

Tarehe 16 Agosti 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mabomu uwanja wa ndege wa Tangmere, na ndege yake ya kivita aina ya Hurricane ikapigwa. Unajua kwamba Hurricane zilikuwa na tangi la mafuta mbele ya rubani, karibu kabisa na mikono yake. Hakuruka kwa mwavuli. Aliirudisha ndege uwanjani akiwa ameungua vibaya, akafariki kesho yake hospitalini Chichester, akiwa na miaka 29. Huo mchezo gani, ndugu yangu?

Kibao kilizinduliwa tarehe 4 Julai 1941, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Kinamtaja kuwa raia wa Marekani aliyekufa ili Uingereza iishi. Uraia alioukana ili apokelewe ndio waliomwandikia jiweni, na hapo ndipo niliposimama muda mrefu hadi mlinzi akaanza kunitazama kwa mashaka.

Sasa nijibu. Bado unaishikilia sentensi yako? Zile picha za kaburi lake kule Boxgrove unazo, au zimepotea pamoja na kamera? Tarehe 17 Agosti utaweza kufuatana nami huko? Na mjomba, tumwalike, au tumnyime hiyo raha ya kubishana makaburini?

Wako mkaidi kama zamani.