Fosi akaunti iendelee, ila mwalimu mkuu asiachiwe saiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hii fosi akaunti inayojenga madarasa na zahanati zetu Tanzania, yaani shule au zahanati yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa mtaani badala ya kumpa kazi mkandarasi. Mimi siipingi kabisa, maana kuanzia mwaka 2021 kwa sehemu ya zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO-19 yalijengwa madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja, na hela nyingi ikabaki kwa mafundi wa hapa hapa mtaani, hilo ni jambo kubwa tusilibeze.

Shida ninayoiona ni usimamizi. Mwalimu mkuu anaacha kipindi cha hesabu anaenda kupokea tipa la mchanga, anahesabu mifuko ya saruji, anaambiwa asaini kwamba nondo zimekaa sawa kwenye linta wakati hajasomea ujenzi, na injinia wa halmashauri ana saiti kibao, akifika zege limeshamwagwa na plasta imeshapigwa, sasa atakagua nini? Ufa ukitokea anaulizwa mwalimu.

Ushauri wangu, TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri, iunganishe shule tatu nne za jirani ziwe na fundi sanifu mmoja anayelipwa ndani ya bajeti ya mradi, zege lisimwagwe kabla hajasaini. Na majengo ya ghorofa wapewe makandarasi waliosajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), hata wale wadogo wa wilayani, tena kwa mkataba wenye muda wa matazamio ili nyufa zikionekana warudi kurekebisha kwa gharama zao.

Mdau wa elimu,
Morogoro