Shukrani kwa mama wa Soko la Majengo

Mama uliyeniuzia mlenda mkavu katika Soko la Majengo, Dodoma, sikuwahi kukuuliza jina, na hilo linaniuma hadi leo. Nilikuwa nimehamia kutoka Bujumbura kumfuata mume wangu, na hata kusalimia watu kulinichosha, kwa kuwa Kiswahili changu kilichekwa. Ulinifundisha kusema “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo, ukanieleza namna ya kuupika mlenda, kisha ukaniuliza kwetu tunapikaje maharage. Mwanasaikolojia John Berry ameeleza kwamba mhamiaji anayepokea utamaduni mpya bila kuuacha wa kwao kwa kawaida huelemewa kidogo kuliko aliyetengana na tamaduni zote mbili. Wewe, kwa swali lile la maharage, uliniruhusu kubaki Mrundi. Usiku ule nililala bila kulia. Asante sana, mama.