Kwa kijana wa Kariakoo mwenye bisibisi

Jina lako sikuuliza, nilikuwa nimechanganyikiwa. Mimi ndiye yule mama wa steshenari aliyekuja Jumamosi na kompyuta kaifunga kwenye khanga. Fundi wa kwanza alinibadilishia hadi diski, akasema ile ya zamani imekufa, niitupe. Nywila, hesabu za wadeni, picha za marehemu baba, basi tena.

Wewe uliichomeka kwa waya wa USB, ukaisogeza sikioni kama daktari. "Mama, hii inazunguka, haijafa." Ukanakili mafaili kwanza kabla ya kugusa kingine chochote. Kisha ukafungua folda ya Firefox, ile programu ninayoingilia mtandaoni, ukanionyesha kwa ncha ya bisibisi: logins.json ndiyo iliyobeba nywila, key4.db ndiyo ufunguo wake; ukihamisha moja ukaacha nyingine, huambulii kitu. (Na mimi miaka yote nabofya tu "hifadhi", sijui zinakokwenda!)

Hata soda ulikataa. Picha mbili tu ndizo zilizogoma kufunguka. Asante sana, mwanangu. Diski ya zamani ipo kabatini, nimeiandika kwa makapeni: ISITUPWE. Ukipita Mbagala Rangi Tatu, supu yako ipo.