Chumba cha Mnyama wa Mtuka: Wito wa Harambee

Ndugu wazazi, majirani, na wana wa bonde mlioko Mbeya, Tunduma, Dar es Salaam na ng'ambo,

Mwaka jana, mvua zilipokatika, mtoto wa darasa la tano aliniletea kipande cha mwamba mwekundu, amekifunga kwenye kanga ya mama yake. "Mwalimu, huu ni mfupa au ni jiwe?" Nilikigeuzageuza, nikakosa jibu. Shuleni hatuna hata mfano mmoja wa kulinganisha nacho. Barua hii nimeiandika kwa sababu ya swali lile: tunaomba mchango wa kujenga shuleni chumba cha kuonyeshea wanyama wa kale wa bonde letu.

Miamba mnayoiona mkivuka makorongo ya Mtuka na Namba, hapa kwetu kusini magharibi mwa Tanzania, ile myekundu ya mchangamchanga, wanasayansi wa dunia nzima wanaijua kwa jina la Galula. Ni mchanga na tope la mito ya zamani sana, uliotulia hapa miaka takriban milioni 100 iliyopita na kuendelea, enzi za mwisho za dinosaria. Mzoga ulifunikwa, mifupa ikanywa madini taratibu, ikageuka mawe. Kisha Bonde la Ufa likainua tabaka hizo, na vijito vyetu vinazikata kila masika. Visukuku, yaani mifupa hiyo iliyogeuka mawe, vya enzi hiyo ni adimu katika Afrika kusini mwa Sahara, ndiyo maana watafiti wamekuwa wakirudi hapa mwaka baada ya mwaka. Wengi wetu tulidhani wanatafuta dhahabu.

Walichopata kina majina yanayopaswa kututoa machozi ya furaha. Mwaka 2004, juu kwenye ukuta wa genge linaloutazama mto Mtuka ukiwa mkavu, walianza kuona mifupa ya mla majani mwenye shingo ndefu. Walimchimba hadi 2008, na mwaka 2019 akatangazwa rasmi: Mnyamawamtuka moyowamkia. Someni tena polepole. Ni Kiswahili chetu kitupu: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia, kwa kuwa pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Nilipoliandika ubaoni, watoto walilisoma bila kusaidiwa, kisha wakaniuliza ni hadithi ya nani.

Na si peke yake. Yupo Shingopana songwensis, shingo pana wa Songwe, naye mla majani mwenye shingo ndefu, ambaye ndugu zake wa karibu wamepatikana Amerika Kusini, maana mabara haya yaliwahi kuwa ardhi moja. Yupo Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno yanayofanana na ya mamalia, aliyepewa neno letu "paka". Jina lake la pili, kapilimai, linamkumbuka Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yupo pia Rukwatitan bisepultus, mla majani mwingine wa shingo ndefu, ambaye jina lake la pili lina maana ya aliyezikwa mara mbili: kwanza kwenye tope la mafuriko, halafu mto ukahama njia, ukamfukua na kumfunika upya. Kumtoa gengeni kulihitaji msaada wa wachimba makaa ya mawe.

Basi mtoto anayechunga ng'ombe juu ya makaburi ya wanyama hawa hajawahi kuona hata picha yao. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Tunataka kujenga chumba kimoja kando ya darasa la saba. Hatuombi mifupa halisi. Hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hakuna ruhusa ya kuchimba bila kibali. Tunataka nakala za plasta, picha kubwa ukutani, ramani ya makorongo yetu, lenzi chache za mkononi, na kabati la kioo. Mtoto afundishwe akiona mfupa auache palepale, asiuvunje, aje kutoa taarifa. Mwaka huu nimeona kipande kikipigwa nyundo na vijana kwa kutaka kujua kilichomo ndani. Hawakuwa na ubaya, hawakuwa wameambiwa.

Matofali yameshafyatuliwa na wazazi na msingi umechimbwa. Kilichobaki ni saruji, mabati, mbao za kenchi, milango, na malipo ya fundi. Anayeweza mfuko mmoja wa saruji alete mmoja. Mwenye lori atusaidie kusomba mchanga kutoka Songwe kabla maji hayajajaa. Gunia la mpunga au debe la ufuta tunapokea pia. Tutauza mnadani siku yenyewe.

Harambee itafanyika uwanjani shuleni, Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya mpunga, kuanzia saa tatu asubuhi. Walio mbali watume kupitia mweka hazina wa kamati ya shule. Namba mtaipata kwa mwenyekiti wa kijiji, na kila senti itaandikwa kwenye daftari litakalobandikwa mlangoni mwa ofisi. Yule mtoto wa kanga sasa yuko darasa la sita. Ameomba yeye ndiye asome majina ya wanyama mbele ya wageni siku hiyo.