Risala ya Klabu ya Muziki kwa Mgeni Rasmi, Jioni ya Kumkumbuka Ján Levoslav Bella

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, kila jioni ya muziki hapa shuleni humwangukia Bach au Mozart, watunzi mashuhuri wa Ulaya. Safari hii tumemchagua mtu ambaye wengi humu ukumbini wanamsikia kwa mara ya kwanza: Ján Levoslav Bella, mtunzi na kiongozi wa okestra kutoka Slovakia.

Bella alizaliwa tarehe 4 Septemba 1843 katika mji wa Liptovský Mikuláš. Wakati huo Slovakia haikuwa nchi. Ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Hungaria. Alisomea upadre Banská Bystrica na Vienna, akapewa daraja mwaka 1866. Miaka mitatu baadaye akawa mkuu wa muziki wa mji wa Kremnica, mji wa machimbo ya dhahabu na kiwanda cha sarafu. Huko ndiko alikoandika kwateti yake ya nyuzi (muziki wa fidla na ndugu zake, ala nne) ya mwaka 1871, na mwaka 1874 shairi la simfonia, yaani muziki wa okestra unaosimulia wazo bila maneno, liitwalo Osud a ideál, au Majaaliwa na Wazo Kuu, kama tunavyopenda kuliita sisi.

Mwaka 1881 aliacha upadre, akaingia Uprotestanti, akaoa, na kuhamia Sibiu, mji ambao leo uko Romania. Wapo watakaokuwa na la kusema juu ya hilo. Sisi hatukuja kumhukumu. Sibiu alikaa miaka 40. Alipiga kinanda kanisani, alifundisha waimbaji, aliongoza kwaya na okestra ya mji. Yeyote aliyewahi kuwa mwalimu wa kwaya anajua kazi hiyo: Jumapili haisubiri, na nota za sauti ya tatu hazijanakiliwa.

Katikati ya shughuli hizo akaandika opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, iitwayo Wieland der Schmied (Wieland Mhunzi). Ni kisa cha mhunzi aliyekamatwa na mfalme, akakatwa mishipa ya miguu asitoroke, naye akajifulia mbawa akaruka. Wagner, mtunzi maarufu wa opera wa Kijerumani, alikuwa ameandika muhtasari wa kisa hicho mwaka 1849 na 1850, asiutungie muziki. Bella akautungia. Opera ilikamilika mwaka 1890.

Ikakaa. Waslovakia hawakuwa na jumba lao la opera. Jumba la Taifa la Maonyesho la Slovakia lilianzishwa Bratislava mwaka 1920, baada ya Chekoslovakia kuzaliwa, na humo ndimo opera ile ilipochezwa mara ya kwanza, Aprili 1926, wakati jumba likiongozwa na Oskar Nedbal, naye mtunzi na kiongozi wa okestra. Ndugu Mgeni Rasmi, hesabu utaiona: miaka 36. Bella alikuwa na umri wa miaka 82. Wala hakuwa amechoka. Mwaka uliofuata akaandika kantata, yaani utungo wa waimbaji na okestra, juu ya harusi ya Jánošík, yule mnyang'anyi anayesifiwa katika nyimbo za Waslovakia. Mwaka 1928 akahamia Bratislava, na huko akafariki tarehe 25 Mei 1936. Leo chuo cha muziki cha Banská Bystrica kinaitwa kwa jina lake.

Tumelichagua jambo hili kwa makusudi. Kipaji cha Bella hakikupungua kati ya mwaka 1890 na 1926. Kilichokosekana ni jukwaa, wapigaji na watu wa kulipia nakala za nota. Kabati la chumba chetu cha muziki lina madaftari ya nyimbo za sauti nne zilizotungwa na walimu waliopita hapa, nota za solfa kwa kalamu ya risasi, kurasa nyingine zimeshaliwa na mchwa. Nyingi hazijawahi kuimbwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie kupata kompyuta moja na printa ili tuzichape nyimbo hizo. La pili, utuombee nafasi kwenye ukumbi wa mji walau mara moja kwa mwaka, tuziimbe mbele ya watu, na watunzi ambao bado wako hai wakiwa wameketi safu ya mbele.

Tunaomba kuwasilisha.