Shangazi, yule mzee hajapandisha

Shikamoo shangazi.

Ile video uliyoirusha kwenye kundi la familia bado ninayo kichwani. Mzee wa Kihindi, mbele ya gari kubwa la mungu Jagannath, sura mojawapo ya mungu Vishnu, kule Puri, mashariki mwa India, analia mpaka kamasi zinamtoka na miguu inamcheza. Ukauliza: "Huyu anaigiza au kapandisha?" Wengine wakacheka. Mimi nakujibu hapa hadharani, kwa sababu Wahindu wenyewe wamebishana juu ya jambo hilo kwa karne nyingi.

Ule udongo aliojipaka kwenye paji la uso na ushanga wa mti wa tulasi vinaonyesha tu kwamba ni mfuasi wa Vishnu. Angekuwa wa mungu Shiva, ungemwona na mistari mitatu ya majivu. Hayo mtu anajipaka asubuhi akishaoga.

Wanaotafuta ibada iliyozama huuangalia mwili. Wanahesabu dalili nane: kuganda pale pale, kutoka jasho, vinyweleo kusimama, sauti kukwama kooni, kutetemeka, kubadilika rangi, kutokwa machozi, na kuzimia. Na unajua orodha hiyo ilianzia wapi? Kwenye kitabu cha kale cha sanaa ya tamthilia, kinachosemwa kuwa cha Bharata. Kwa hiyo ulipotaja kuigiza hukuwa mbali sana.

Aliyezifanya dalili hizo zijulikane ni Chaitanya, mtawa wa Kihindu kutoka Bengal, mashariki mwa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1486. Wafuasi wake wanasimulia kwamba siku alipofika Puri aliingia hekaluni, akamwona Jagannath, akaanguka chini. Walinzi wakataka kumpiga. Sarvabhauma, mwanazuoni mkubwa wa mantiki pale mjini, akawazuia na kuagiza abebwe mpaka nyumbani kwake. Tumbo halikuwa likipanda wala kushuka. Mwanazuoni akachukua pamba kidogo, akaisogeza puani kwa mgeni, akaikodolea macho. Ikatikisika kidogo sana. Hapo ndipo akapumua, akaanza kupima kama ile ni hali ya kweli. Napenda kwamba hakumwita mganga wala hakupiga magoti. Alianza na pamba.

Huyo huyo Chaitanya, katika beti chache zinazohesabiwa kuwa zake, anamuuliza Mungu ni lini machozi yatamtiririka na sauti itamkwama akilitaja jina lake. Analiomba kama mtu ambaye hajalipata bado!

Sasa njoo kwa Rupa Goswami, mfuasi wake. Huyu alikuwa mtu wa ofisi, katibu wa Sultani Hussain Shah wa Bengal, kabla hajaacha cheo na kuhamia Vrindavan, mji mtakatifu wa mungu Krishna. Mwaka 1541 alikamilisha kitabu kizito juu ya mapenzi kwa Krishna, yaani Vishnu katika umbo la mwanadamu, na dalili zote nane akazipanga humo kwa daraja, kwa umakini wa karani. Lakini akaonya: wapo watu wenye mioyo laini wanaolia kwa lolote, na wapo waliojizoeza kulia. Machozi yao ni machozi kweli, ila ndani hamna kitu. Hata kwetu usiku wa maulidi kuna wanaojulikana kwa kulia, na unawajua kwa majina, shangazi.

Ndiyo maana Rupa akaweka orodha nyingine, isiyo na machozi hata tone. Mwenye mapenzi hayo ana subira, hapotezi wakati, hatafuti kuheshimiwa, hakati tamaa, hachoki kuliimba jina la Mungu. Mfano wake wa subira ni Parikshit, mfalme wa hadithi za kale za Kihindu, aliyelaaniwa afe kwa kuumwa na nyoka ndani ya siku saba. Yeye akakaa ukingoni mwa mto Ganga akawaambia wahenga: nyoka na aje aume, nyinyi endeleeni kumwimba Vishnu. Hakutetemeka.

Basi kwa kipimo cha Rupa, video ya nusu dakika haitoshi kumhukumu yule mzee. Ingebidi tumwone akitukanwa kwenye foleni ya basi.

Video yako ya pili, ya wale waliojitoboa mashavu kwa vyuma, ni jambo jingine kabisa. Hao ni Watamil, watu wenye asili ya kusini mwa India, kwenye sikukuu ya Thaipusam, wanatimiza nadhiri kwa mungu Murugan, na damu yenyewe huwa kidogo kuliko unavyotarajia. Usimwonyeshe bibi lakini.