Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Mombasa: Meseji Moja kwa Wiki kwa Tunaouguza Nyumbani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwakirunge. Mombasa ikitajwa, wengi hufikiria Mvita na Nyali, lakini huku kwetu bado ni mashamba, na mvua ikinyesha nauli ya bodaboda hupanda. Ndiko tunakouguza watu wetu: waliopata kiharusi, wenye kisukari, wanaomeza dawa za kifua kikuu kwa miezi sita. Ombi langu ni moja. Kaunti ituulize hali kwa meseji kila wiki, na awepo muuguzi wa kutujibu.

Mimi namuuguza mama. Kiharusi kilimpoozesha upande wa kulia, kwa hiyo kila baada ya saa mbili hivi namgeuza, namkausha jasho, natazama kama ngozi ya nyonga imebadilika rangi. Siku kidonda kilipoanza kuchimbika sikuwa na wa kumuuliza: nikioshe kwa maji ya chumvi, nikifunge, au nikiache wazi? Swali hilo lilinitoa nyumbani asubuhi hadi jioni, mama nimemwachia jirani, na jibu lenyewe lilikuwa sentensi mbili.

Jambo hili limeshajaribiwa hapahapa Kenya. Katika utafiti wa WelTel ulioanza 2007, wagonjwa waliokuwa wakianza ARV, dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi, Nairobi na Kajiado walitumiwa meseji kila Jumatatu: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida alipigiwa simu, na aliyenyamaza pia alitafutwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet 2010: waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, na kwa wasiotumiwa meseji asilimia 50. Kinachonivutia zaidi ni kuwa meseji ile haikutaja ugonjwa wowote. Simu ya huku hushikwa na nyumba nzima, na siri ya mgonjwa ni haki yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda.

Najua kuwa Septemba 2023 wahudumu wa afya wa nyanjani walipewa mikoba ya vifaa na simu. Nashukuru kwa dhati. Anayekuja kwetu humpima mama presha na kuiandika kwenye simu yake. Ila habari za mama zinapanda juu tu, kwangu hakirudi kitu. Mimi nina kabambe, simu ndogo ya vitufe. Haitaki bando, chaji yake hukaa siku kadhaa, na meseji huingia hata mtandao ukiwa dhaifu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kujibu kuwe bure, gharama ibebwe na kaunti, maana asiye na kredito ndiye mwenye shida mara nyingi. Asiyejua kusoma apigiwe simu. Na tafadhali, kazi hii asirundikiwe muuguzi ambaye tayari ana foleni mlangoni. Apangiwe saa zake, na mhudumu wa nyanjani aarifiwe palipo na shida ili apite siku hiyohiyo. Bila mtu wa kujibu, ni afadhali meseji zisianze kabisa.

Anzeni na zahanati moja huku na moja Jomvu, kwa miezi sita. Tunaomba jibu lako kabla bajeti ijayo haijapelekwa katika bunge la kaunti.

Wako,
Mkazi wa wadi ya Mwakirunge, Kisauni